Hakuna marefu yasiyo na ncha: Hadithi iliyomuaga Superman mwaka 1986

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Hata hivyo, lipo kundi moja la majagina ambalo kwa miaka na mikaka limeukaidi usemi huu. Hawa ni majagina wa vibonzo vya Marekani, wale wavaao majoho na kuruka angani, ambao kila mwezi hupambana na maadui wale wale, wakashinda, kisha mwezi unaofuata wakaanza upya pasi na kuongezewa hata unywele mmoja wa mvi.

Mashuhuri zaidi miongoni mwao ni Superman. Jagina huyu alionekana kwa mara ya kwanza katika jarida la Action Comics lililobeba tarehe ya Juni 1938. Mtoto aliyelisoma toleo hilo akiwa na umri wa miaka 10 alikuwa na miaka 58 kufikia mwaka 1986. Alikuwa ameoa, amelea, pengine amezika wazazi wake na anakaribia kustaafu. Superman mwenyewe alikuwa bado ni kijana wa makamo, nywele nyeusi tititi, mwanahabari wa gazeti la kubuni liitwalo Daily Planet.

Ndipo mwaka huo wa 1986 kampuni ya DC Comics, inayommiliki, ikakubali jambo ambalo kampuni za aina hii hulikubali kwa nadra sana. Ilikubali hadithi ya mwisho wake isimuliwe. Hadithi hiyo, ambayo anwani yake kwa Kiswahili tungeiita ‘Mtu wa Kesho Alipatwa na Nini?’, ilichapishwa kwa sehemu mbili Septemba 1986: sehemu ya kwanza katika jarida la Superman nambari 423, na ya pili katika Action Comics nambari 583. Mtunzi alikuwa Mwingereza Alan Moore na mchoraji alikuwa Mmarekani Curt Swan.

Makala haya yanachunguza hadithi hiyo: ilivyozaliwa, inavyosimulia, na kwa nini ingali inazungumziwa miongo minne baadaye.

Jagina asiyeruhusiwa kufa

Kwanza ni vyema kufahamu ni kwa nini majagina wa vibonzo hawafi.

Katika masimulizi ya jadi, kifo cha shujaa ni sehemu ya ushujaa wake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufunzwa hili. Fumo Liyongo hakumbukwi kwa upinde na mashairi yake pekee, bali pia kwa sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, na kwa jinsi maiti yake ilivyopiga goti kisimani ikiwa na mshale tayari, watu wakaogopa kuteka maji. Kadhalika Lwanda Magere wa Waluo hakamiliki bila ya siri ya kivuli chake kufichuliwa na mke aliyetoka kwa maadui. Ukiondoa mwisho huo, umebakiwa na mtu mwenye nguvu tu.

Superman ni shujaa wa aina nyingine. Yeye ni mali. Waliombuni, mtunzi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster, walikuwa vijana wa mji wa Cleveland, jimboni Ohio, ambao waliuza haki zote za mhusika wao kwa dola 130. Tangu siku hiyo Superman akawa bidhaa ya kampuni, na bidhaa inayouzika haiondolewi sokoni. Watunzi huajiriwa na kuondoka, wachoraji huzeeka, wasomaji hukua na kuacha kununua. Jagina anabaki pale pale ili kizazi kijacho kimkute kama kilichopita kilivyomkuta.

Ndiyo maana swali la mwisho wa jagina ni zito kuliko linavyoonekana. Kumwandikia mwisho ni kudai, japo kwa kurasa chache, kwamba yeye ni mtu wala si bidhaa.

Hadithi za kuwazia

Wahariri wa zamani walipata ujanja wa kulikwepa tatizo hilo. Miaka ya 1950 na 1960 walichapisha visa walivyoviita hadithi za kuwazia, yaani visa ambavyo msomaji anaambiwa mapema kwamba havihesabiwi katika maisha halisi ya jagina. Humo Superman aliweza kuoa, kupata watoto, hata kufariki, na toleo lililofuata likaendelea kana kwamba hapakutokea neno.

Maarufu katika kundi hilo ni hadithi ya kifo chake iliyotokea katika jarida la Superman nambari 149 la Novemba 1961. Humo adui yake mkuu, Lex Luthor, anavumbua tiba ya saratani, anaaminika kuwa ameongoka, kisha anatumia imani hiyo kumnasa Superman na kumuua kwa miale ya kriptonaiti, madini yanayomdhuru. Mtunzi wa kisa hicho alikuwa Jerry Siegel mwenyewe, wakati huo akimwandikia kama kibarua mhusika ambaye ni yeye aliyembuni. Na penseli iliyochora kifo hicho ilikuwa ya Curt Swan, yule yule ambaye miaka 25 baadaye angeitwa kuchora kile cha Moore.

Moore aliufahamu vyema utamaduni huo. Katika utangulizi wake anamwarifu msomaji kuwa kisa hiki nacho ni cha kuwazia, kisha anamuuliza iwapo kuna chochote katika visa hivi ambacho si cha kuwazia. Swali hilo fupi limebeba hoja nzima. Ikiwa Superman hajawahi kuwapo, basi kifo chake ‘kisichohesabiwa’ kina uhalisia sawa na ushindi wake ‘unaohesabiwa’. Kinachopima ukweli wa hadithi ni namna inavyomgusa msomaji, wala si muhuri wa kampuni.

Mwaka wa kufagia nyumba

Fursa ya kuandika mwisho huo ilitokana na uamuzi wa kibiashara.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, DC ilikuwa imechapisha vibonzo kwa nusu karne. Visa vilikuwa vimerundikana na kugongana, na palikuwa na dunia sambamba zisizohesabika ambazo wasomaji wapya walishindwa kuzifuata. Kampuni iliamua kufagia. Kati ya 1985 na 1986 ilichapisha mfululizo wa matoleo 12 ulioitwa Crisis on Infinite Earths, kazi ya mtunzi Marv Wolfman na mchoraji George Pérez, ambao uliziangamiza dunia hizo na kubakisha moja. Katika mfululizo huo Supergirl, binamu yake Superman, aliuawa.

Baada ya hapo Superman alikabidhiwa John Byrne aanze naye upya kabisa. Mfululizo wa Byrne wenye matoleo sita, The Man of Steel, ulitoka mwaka huo huo wa 1986. Jarida kongwe la Superman likabadilishwa jina baada ya toleo la 423, na jarida jipya lenye jina la Superman likaanza kuhesabu kutoka nambari moja mapema 1987.

Mtu aliyeachiwa kufunga mlango wa nyumba ya zamani alikuwa mhariri Julius Schwartz. Mzee huyu alizaliwa 1915, na alikuwa amevisimamia visa vya Superman tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Akiwa na umri wa miaka 71 alijua kwamba Superman wake anaondoka, naye pia anaondoka. Aliamua kuyahariri matoleo hayo mawili kana kwamba ndiyo ya mwisho kabisa kuwahi kuchapishwa.

Schwartz alisimulia baadaye kwamba mtu wa kwanza aliyemfikiria kuandika kisa hicho alikuwa Siegel, ambaye ndiye aliyeandika kile cha kwanza. Mpango huo haukufaulu. Ndipo alipomdokezea Moore habari hiyo walipokuwa wakistaftahi, na kwa mujibu wa simulizi ya Schwartz, Mwingereza huyo mrefu mwenye ndevu nyingi alisimama, akamkaba koo kwa mzaha na kumtishia maisha iwapo angempa kazi hiyo mtu mwingine.

Moore, mzaliwa wa Northampton, alikuwa na umri wa miaka 32. Alikuwa amekwisha kujipatia sifa kwa hadithi za Swamp Thing, na mwaka huo huo akishirikiana na Dave Gibbons alianza kuchapisha Watchmen, kitabu kinachowachambua majagina kwa ukali usio na huruma. Wengi wangetarajia amkosoe Superman vivyo hivyo. Badala yake, kijana aliyekulia kwenye visa hivyo alimwandikia tanzia.

Muhtasari wa hadithi

Kisa kinaanza mwaka 1997, ambao kwa msomaji wa 1986 ulikuwa mustakabali. Imetimia miaka 10 tangu Superman atoweke. Mwandishi chipukizi wa Daily Planet anamtembelea Lois, aliyekuwa mwanahabari wa gazeti hilo, ambaye sasa ni mama wa nyumbani, mke wa mwanamume aitwaye Jordan Elliot, na mlezi wa kitoto kichanga. Kijana anataka simulizi ya siku za mwisho za jagina, na Lois anakubali kusimulia.

Anaeleza kuwa maadui wa Superman walikuwa wamenyamaza kwa muda. Kisha, bila ya onyo, wakarudi. Lakini safari hii hawakurudi kwa mizaha yao ya kawaida. Bizarro, yule nakala yake mwenye akili iliyopinda ambaye kwa miaka mingi alikuwa kichekesho, aliiangamiza sayari yake mwenyewe, akauwa watu jijini Metropolis, kisha akajiangamiza. Toyman na Prankster, wahalifu ambao awali walifaa kuwachekesha watoto, walimtesa na kumuua Pete Ross, rafiki wa utotoni wa Superman, ili wapate siri yake. Siri hiyo wakaifichua hadharani: Clark Kent, mwanahabari mpole mwenye miwani, ndiye Superman.

Hapo ndipo msomaji anapobaini utaratibu wa Moore. Anawachukua watu wa masihara mmoja mmoja na kuwageuza wauaji. Ulimwengu wa utoto unakufa kabla jagina hajafa.

Superman anajiuliza: ikiwa wahuni wadogo wamegeuka hivi, je, wale wakubwa watakuja kwa sura gani? Anawachukua walio karibu naye zaidi na kuwapeleka katika Ngome ya Upweke, makao yake yaliyojificha kwenye barafu ya kaskazini. Anakwenda na Lois. Lana Lang, rafiki yake wa tangu ujanani. Jimmy Olsen, mpigapicha kijana. Mhariri Perry White na mkewe Alice. Mbwa wake Krypto naye anarejea kutoka angani, kana kwamba amenusa kitu.

Usiku wa kwanza wanafika wageni. Ni rafiki zake kutoka karne ya 30, ambao husafiri katika wakati. Wamekuja naye Supergirl angali binti mdogo, asiyejua kuwa katika wakati huu yeye ni marehemu. Anapouliza alipo nafsi yake ya ukubwani, Superman anajikaza na kumdanganya kuwa yuko mbali. Wageni wanamwachia sanamu ndogo kama tuzo na kuondoka. Superman anatambua kwa nini wamekuja usiku huo wala si usiku mwingine. Wao huishi katika siku zijazo, wamesoma vitabu vya historia. Wamekuja kuaga. Sehemu ya kwanza inafungwa Superman akilia peke yake.

Mazingiwa na mauti

Sehemu ya pili ni mazingiwa. Brainiac, kiumbe mashine, amekiteka kiwiliwili cha Lex Luthor na kukiendesha kama gari. Amekuja na wahalifu kutoka karne ya 30 pamoja na Kryptonite Man, mtu ambaye mwili wake wenyewe ni sumu kwa Superman. Wanaizungushia Ngome ukuta wa nishati usiopenyeka. Batman, Wonder Woman na majagina wenzao wanafika, wanaupigapiga ukuta huo kwa nje, na hawawezi kuingia.

Ndani, Lana na Jimmy wanaamua kuzitumia nguvu walizowahi kuzipata katika visa vya zamani. Lana, akiwa na uwezo wa kusikia mbali, anamsikia Superman akimweleza Perry kwamba anampenda Lois, na kwamba hakumwoa kwa kuchelea kuuvunja moyo wa Lana. Mwanamke huyu anayameza maumivu hayo na kutoka nje kumpigania mtu ambaye si wake. Luthor, ambaye chembe ya nafsi yake ingali hai, anamsihi amuue, naye anamtimizia ombi hilo. Muda mfupi baadaye Lana anauawa. Jimmy naye anauawa. Krypto anamrukia Kryptonite Man na kumng'ata mpaka mauti, ilhali kila anapong'ata anaimeza sumu itakayomuua yeye pia.

Mwishowe anajitokeza aliyekuwa nyuma ya yote: Mxyzptlk, kijitu mcheshi kutoka ulimwengu mwingine ambaye kwa miongo mingi alikuja kumsumbua Superman kwa viini macho na kuondoka kila alipolazimishwa kulitaja jina lake kinyumenyume. Anafichua kwamba yeye haifi, na asiyekufa huchoka. Amemaliza maelfu ya miaka kwa wema na kwa utukutu. Sasa ameamua kujaribu uovu. Ile sanamu ya wageni inamkumbusha Superman silaha iliyomo Ngomeni, mtambo wa kuwatupa wahalifu katika Phantom Zone, gereza lililo nje ya ulimwengu huu. Anamwelekezea adui yake, huyu naye analitamka jina lake kinyume ili atoroke kwao, na nguvu hizo mbili zinampasua vipande viwili.

Lois anamfariji kwamba hakuwa na budi. Superman hakubali. Anasema alikusudia, na kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kuua, yeye akiwamo. Anaingia katika chumba chenye kriptonaiti ya dhahabu, ambayo humwondolea nguvu zake milele, kisha haonekani tena. Majagina wanapofika wanakuta mlango mwingine ulio wazi kuelekea kwenye barafu. Maiti haikupatikana.

Simulizi inakwisha, mwandishi chipukizi anaaga. Jordan, mumewe Lois, ambaye ni fundi wa magari, anamwambia kuwa Superman alitukuzwa kupita kiasi na alijiona kana kwamba ulimwengu hauwezi kuendelea bila yeye. Wanapobaki wawili, kitoto chao kinachukua kipande cha makaa, kinakifinya mkononi, na kiganjani inabaki almasi. Jordan anamgeukia msomaji na kumkonyeza. Jina lake limeshamsaliti kwa anayejua: baba mzazi wa Superman aliitwa Jor-El.

Uzito wa kiapo

Wahakiki wengi huisifu hadithi hii kwa majonzi yake. Lakini kiini chake ni cha kimaadili.

Superman anaweza kuipindua milima. Sheria pekee inayomfunga ni ile aliyojiwekea mwenyewe, kwamba hataua. Anapoivunja hakuna mahakama iwezayo kumhukumu, hakuna askari awezaye kumtia pingu. Aliyemuua ni muovu wa kupindukia, na shahidi pekee anamtetea. Hata hivyo anajihukumu mwenyewe, na hukumu anayoitoa si kifungo wala kifo. Ni kuyaacha madaraka.

Kwa msomaji yeyote aliyeishi akiona watu wenye nguvu wakitafuta visingizio vya kubaki navyo, jambo hili lina mguso wa pekee. Jagina mkuu kuliko wote anajivua nguvu kwa sababu amezitumia mara moja isivyostahili, kisha anakwenda kutengeneza magari na kumlea mwanawe. Hahuzuniki. Ukimtazama katika ukurasa wa mwisho, ni mtu aliyetua mzigo. Kumbe ncha ya marefu haya si kaburi, bali maisha ya kawaida, ambayo kwa miaka 48 yalikuwa ndiyo kitu pekee alichonyimwa.

Penseli ya mzee Swan

Kuna mwisho mwingine uliojificha ndani ya mwisho huu, nao ni wa mchoraji.

Curt Swan alizaliwa 1920. Tangu katikati ya miaka ya 1950 yeye ndiye aliyekuwa mchoraji mkuu wa Superman, na kwa kizazi kizima cha wasomaji uso wa Superman ulikuwa ni uso alioubuni Swan: mtulivu, mwenye huruma, wa mtu unayeweza kumwendea na shida zako. Mageuzi ya 1986 hayakuwa na nafasi kwake. Kazi ilihamia kwa vijana, na hadithi hii ikawa kwa hakika kwaheri yake pia, ingawa aliendelea kupewa kazi moja moja hadi alipofariki 1996.

George Pérez aliitia wino sehemu ya kwanza na Kurt Schaffenberger, mkongwe mwingine, akaitia wino ya pili. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba Moore hakuomba mchoraji wa mtindo mpya. Vifo vya kutisha vimechorwa kwa mkono ule ule safi uliozoea kuchora vichekesho vya mbwa mwenye joho. Msomaji anaumia zaidi kwa sababu nyuso hizo ni za watu anaowajua.

Nani mwenye haki ya kusema ‘mwisho’?

Swali la umiliki haliepukiki. Siegel na Shuster waliishi miaka mingi katika dhiki huku mhusika wao akitajirisha wengine. Mnamo 1975, wakati filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa na baada ya kampeni ya wachoraji wenzao kwenye vyombo vya habari, kampuni ilikubali kuwapa kiinua mgongo cha dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kuyarejesha majina yao kwenye visa. Shuster aliaga dunia 1992 na Siegel 1996.

Moore naye hakusalimika. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amekosana na DC, haki za Watchmen zikiwa miongoni mwa sababu, na akaapa kutoifanyia kazi tena. Aliyemwandikia Superman kustaafu kwa heshima alijiondoa kwa uchungu.

Kwa mujibu wa sheria za Marekani, kisa cha kwanza cha Superman kitaingia mikononi mwa umma mwaka 2034. Kuanzia hapo mtu yeyote ataweza kukisimulia upya kisa hicho cha 1938, kama ambavyo yeyote anaweza kukisimulia kile cha Liyongo.

Waliotangulia na waliofuata

Hadithi ya Moore haikusimama peke yake. Mnamo 1982 kampuni pinzani ya Marvel ilichapisha The Death of Captain Marvel, kazi ya Jim Starlin, ambaye babake alikuwa amefariki kwa saratani. Jagina wake hauawi vitani. Anaugua saratani aliyoipata kutokana na gesi ya sumu katika pambano la zamani, wenzake wenye akili nyingi wanashindwa kumpatia tiba, na anafariki kitandani akiwa amezungukwa na marafiki.

Mwaka ule ule wa 1986 Frank Miller alichapisha The Dark Knight Returns. Humo Batman ana umri wa miaka 55, amestaafu kwa miaka 10, na anashindwa kuukubali uzee. Anarudi mitaani, anapigana na Superman mwenyewe, kisha anasingizia kifo ili aendelee na kazi kwa siri. Ukizilinganisha hadithi hizi mbili, tofauti ni bayana: wa Miller hajui kuacha, wa Moore anajua.

Mnamo Novemba 1992 DC ilimuua Superman katika toleo ‘linalohesabiwa’. Vyombo vya habari vilitangaza, mamilioni ya nakala zikanunuliwa, na mwaka uliofuata akafufuliwa. Tangu hapo wasomaji wamejifunza kutokiamini kifo cha jagina. Ni kinaya kwamba kifo rasmi kilisahaulika kuwa ni kifo, ilhali kile cha kuwazia cha 1986 kingali kinahuzunisha.

Kati ya 2005 na 2008 mtunzi Grant Morrison na mchoraji Frank Quitely, wote wa Uskoti, walitoa All-Star Superman katika matoleo 12. Humo jagina anagundua mapema kwamba anakufa kwa kuzidiwa na nishati ya jua, ile ile inayompa nguvu. Anautumia muda uliobaki kukamilisha kazi zake na kumfichulia Lois siri yake, kisha anaruka kwenda kuliokoa jua lenyewe. Mnamo 2009 Neil Gaiman na Andy Kubert walimwandikia Batman hadithi ya kuaga ambayo hata anwani yake inaiiga ya Moore waziwazi. Nayo Old Man Logan ya Mark Millar na Steve McNiven, iliyochapishwa 2008 hadi 2009, ilimwonyesha Wolverine akiwa mzee aliyeapa kutopigana tena. Filamu ya Logan ya 2017 ilichota wazo humo.

Hitimisho

Tukirejelea hoja tuliyoanza nayo, wahenga hawakukosea. Kampuni inaweza kuichelewesha ncha ya marefu lakini haiwezi kuzuia msomaji kuitamani. Hadithi isiyokwisha haimfundishi mtu kuishi, kwa kuwa hakuna anayeishi bila ya mwisho.

Ndiyo sababu kurasa zile za 1986 zingali zinasomwa. Ziliandikwa na kijana aliyempenda jagina wake, zikachorwa na mzee aliyekuwa akiagwa, na zikahaririwa na mwingine aliyekuwa anafunga dawati. Wote watatu walijua kwamba mwezi uliofuata Superman mwingine, kijana, angeruka angani kana kwamba wao hawakuwahi kuwapo. Na bado walimtafutia yule wa zamani nyumba, mke, mtoto na kazi ya mikono, wakamfungia mlango taratibu.

Alan Moore na vibonzo vyake vinaweza kuwa mbali nasi. Lakini kila mmoja wetu anamjua mzee fulani, mwalimu, fundi au dereva, aliyeshikilia kazi hata ikamshinda, na mwingine aliyejua siku ya kuiweka chini. Huyo wa pili hukumbukwa kwa heshima. Superman wa Moore na Swan ni wa jamaa hiyo.